Kabichi za Majivu ya Nyumba ya Mukendi

"Ifahamike kwa wakaazi wote wa Dilala, wakubwa kwa wadogo, kwamba kuanzia leo njaa imefukuzwa katika mtaa wetu, na mahali pake imekuja sayansi!"

Tata Numbi alitamka maneno hayo akiwa juu ya kreti ya bia, ndani ya koti la harusi yake, mkono mmoja kifuani kama mtu anayeapishwa. Wakaazi wote wa Dilala waliohudhuria walikuwa watatu: mke wake Mado, jirani yao Tata Kalala aliyekuja kurudisha jembe, na jogoo aliyefungwa mguu kwenye mpapai. Aliyeshangilia ni jogoo.

"Unaisha?" Mado aliuliza. "Rudisha kamba yangu. Manguo iko mu maji tangu asubui."

Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa imelazwa juu ya tuta la kabichi na kuligawa katikati, kutoka mwanzo hadi mwisho. Upande wa kushoto udongo ulikuwa umechanganywa na majivu. Upande wa kulia haukutiwa kitu. Numbi alikuwa amesikia redioni kwamba mtaalamu haamini dawa yoyote ya udongo mpaka aijaribu nusu kwa nusu: mbegu ileile, maji yaleyale, jua lilelile. Ulikuwa ushauri mzuri. Kwa bahati mbaya ulimfikia mtu ambaye maishani mwake hakuwahi kuotesha kitu isipokuwa kitambi.

"Kamba haitoke," Numbi alijibu. "Ikitoka, jaribio inakufa."

Mado aliingia ndani. Nguo zilianikwa juu ya uzio.

Udongo wa Kolwezi, mji wa migodi ambamo Dilala imo, una kila kitu isipokuwa chakula. Una shaba, una kobalti, una vumbi jekundu linaloingia hadi ndani ya mayai. Kabichi iliyopandwa humo bila msaada hukua hadi kufikia ukubwa wa ngumi, kisha hukata tamaa. Watu wa Dilala walikuwa wamejaribu kila njia: samadi ya mbuzi, majivu ya jikoni, udongo wa kichuguu uliobebwa kwa mikokoteni. Wakati kampuni ya migodi ilipokuwa bado inawagawia wafanyakazi unga kila mwezi, jambo hilo lilikuwa mchezo wa wazee. Sasa migodi ilikuwa imeanguka, unga haukugawiwa tena, na kabichi ilikuwa chakula cha jioni.

Mtu mmoja tu katika mtaa ule ndiye aliyekuwa na mboga za kuonea fahari, na huyo alikuwa Tata Mukendi, fundi wa mitambo, jirani wa Numbi ukuta kwa ukuta. Alikuwa amezaliwa Kolwezi, katika hospitali ya kampuni. Wazazi wake waliletwa kutoka Kasai, jimbo jingine, kuja kuchimba shaba. Kila jioni, akitoka kazini, Mukendi alichimba shimo dogo na kufukia majani, maganda na mavi ya kuku. Alifanya hivyo miaka mingi mbele ya macho ya watu wote. Watu wote walisema ana dawa. Maelezo ya majani na mavi ya kuku yalimtaka msikilizaji naye achimbe, kwa hiyo hayakupata wafuasi.

Mwaka huo wa 1993 wakubwa wa jimbo walikuwa wamesema kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Vijana walipita nyumba kwa nyumba na fimbo kuwaelekeza wasiojua kwao ni wapi. Mukendi, mke wake Mianda na watoto wao watatu walipewa muda hadi jua litakapofika utosini. Walichukua walichoweza kubeba kichwani, wakaenda kulala kwenye jukwaa la stesheni pamoja na maelfu ya wengine, kusubiri treni ambazo zilikuja zilipojisikia.

Alasiri ileile Numbi alihamia katika nyumba ya Mukendi ili kuilinda. Aliulinda usingizi wa humo kwa kulala kitandani, akazilinda sufuria kwa kupikia ndani yake. Vilivyobaki havikumfaa: madaftari ya shule, vitana, ndala za watoto, mkeka, gauni dogo la ubatizo, picha chache zilizokuwa ukutani.

"Choma," Tata Kalala alimshauri. "Bitu ya bale bantu iko na dawa. Itakuua mu usingizi."

"Na majivu?"

Kalala aliwaza. Alikuwa mtu anayeheshimika kwa kuwaza.

"Majivu usitupe, hapana. Ile dawa njo ilikuwa inaotesha mboga."

Basi hivyo ndivyo ugunduzi ulivyopatikana. Wanaume wawili walioiogopa dawa ya jirani kiasi cha kuchoma gauni la ubatizo, waliitamani pia kiasi cha kula kilichoota juu yake, na hakuna kati yao aliyeona kwamba mambo hayo mawili yanapingana. Numbi alichoma, akachekecha, akainua tuta jipya uani kwa Mukendi, mahali ambapo hapakuwahi kufukiwa kitu, akachanganya, akalaza kamba. Kisha akavaa koti.

Mvua za kwanza zilipopita, jaribio lilijieleza lenyewe. Upande wa kulia wa kamba kabichi zilisimama kwenye ngumi. Upande wa kushoto zilijifunga, zikajaa, zikawa kama sufuria za harusi. Numbi alikuwa amechuchumaa akitoa viwavi pale kabichi moja ilipokohoa.

"Pole," alisema, akaendelea na viwavi.

Kabichi ikakohoa tena, kikohozi kirefu cha mtu aliyevuta vumbi la mgodi. Mado, aliyekuwa akipita na ndoo, alisimama.

"Ile njo Tata Mukendi," alisema. "Alikuwa anakohoa vile akitoka ku kazi ya usiku."

"Njo yeye," Numbi alikubali.

Kabla ya wiki kuisha kila kabichi ya upande wa kushoto ilikuwa na yake. Moja ilitoa sauti ya cherehani. Moja ilisali kabla ya chakula, kwa Kiluba cha Kasai, ikafika amina na kuanza upya. Moja ilikuwa na ugomvi wa mume na mke kuhusu nani aliyemaliza sukari, na aliyeimaliza hakujulikana kamwe. Sauti zilitoka kati ya majani, si kubwa, kama za chumba cha pili. Zilianza asubuhi umande ukikauka na kunyamaza giza likiingia, saa ambayo watu wa heshima hufunga milango yao.

Numbi alipanda tena juu ya kreti. "Matokeo ya kwanza," alitangaza. "Majivu inaongeza ukubwa wa shu. Makelele ni kitu kidogo tu, haizuie kula."

Kule Dilala kabichi huitwa shu, na kwa kweli haikuzuia kula. Mtaa mzima ukaiga. Mmoja alichoma vilivyobaki kwa Muamba, naye aliyefukuzwa, mwingine vya mwalimu Ngoyi, na baada ya muda mfupi wanawake sokoni walikuwa wakiinua kabichi hadi sikioni kabla ya kuchagua, kama watu wa mahali pengine wanavyogonga tikitimaji.

"Hii inagombana. Nipatie yenye kunyamaza."

"Chukua hii, mama. Ilikuwa ya mwalimu. Inahesabu tu mpaka mia, haisumbue mutu."

Iligundulika kwamba kijiko cha magadi katika maji yanayochemka hunyamazisha hata kabichi ya fundi cherehani. Kiongozi mmoja wa dini alipoulizwa kama inafaa, alijibu kwamba chakula chochote kikibarikiwa kinafaa, akaomba aletewe mbili. Kilichowashangaza watu wa Dilala mwaka ule kilikuwa kimoja tu: treni moja iliwahi kufika siku iliyotangazwa.

Mama Mianda alikuja mchana, saa ambayo vijana wenye fimbo waliolinda njia ya reli hulala. Mwanamke anayeuza maji stesheni alikuwa amemwambia kwamba katika bustani yake kuna kabichi inayomwita mama.

"Mama Mianda, karibu ku..." Mado alianza, akaishia hapo, kwa kuwa nyumba aliyotaka kumkaribisha ilikuwa ya mgeni mwenyewe.

Mianda alikuwa amekonda, na kitenge chake kilikuwa na rangi ya jukwaa la stesheni. Hakutazama nyumba. Alipita kwenye kikohozi cha mume wake bila kusimama, kwa kuwa mwenye kikohozi hicho alikuwa mzima kule stesheni, akaenda hadi kabichi ya mwisho karibu na uzio, akapiga magoti.

"Mama, polepole," ilikuwa ikisema kabichi. "Unaniumiza kichwa."

"Tulia, Rachelle," kabichi ikajijibu kwa sauti ya Mianda mwenyewe, ila changa kidogo, iliyoshiba. "Nywele yako nguvu kama ya baba yako."

Kisha kicheko cha mtoto, kifupi, kinachozuiliwa kwa mkono. Kisha kimya. Kisha tena: "Mama, polepole."

Rachelle alikufa kwa shurua alipokuwa na miaka minane, na amezikwa Kolwezi. Picha yake ilikuwa moja tu, ukutani. Siku ya kufukuzwa Mianda aliisahau akiwatafutia wadogo wa Rachelle viatu, na aliporudi mlangoni, Numbi alikuwa tayari analinda.

"Tata Numbi," Mianda alisema bila kusimama, "mi naomba hii moja tu. Ingine yote kula. Minabakia na mutoto huyu mu hii shu tu, sina pengine pa kumusikia."

Numbi alikunja uso kwa huzuni. Alikuwa hodari sana wa huzuni.

"Mama Mianda, ingekuwa juu yangu, ningekupa sasa hivi. Lakini hii ni jaribio. Ukitoa moja, hesabu yote inaharibika."

"Hesabu gani, tata?"

"Ya sayansi. Matokeo ikitoka, shu ni yako. Neno ya mwanaume."

Mianda alimtazama mwanaume aliyetoa neno.

"Naweza kukuya kumusikia?"

"Kuya tu, nani anakukataza? Ila usikae bure. Magogo haya," alisema Numbi akionyesha magugu, kwa maana hata majina ya vitu vya bustani yalikuwa yanampa shida, "ungoe-ngoe kidogo."

Hivyo Mama Mianda akawa kibarua katika bustani yake mwenyewe, na mshahara wake ulikuwa sauti ya mtoto wake. Mukendi alibaki stesheni kulinda nafasi yao, kwa sababu anayeondoka jukwaani hupoteza pa kulala. Mianda alikuja kila mchana ambao vijana wa relini waliusinzia. Aling'oa magugu. Alipasua udongo mgumu kwa kijiti kuzunguka mizizi, akafukia majani makavu kama mume wake alivyokuwa akifanya, akaua viwavi kwa kidole gumba. Kabichi ya mwisho aliimwagilia kwa kikombe, taratibu, akiinamisha uso. Ikisema "unaniumiza kichwa," alisema "tulia" pamoja nayo, midomo miwili kwa neno moja, na wapita njia waliosikia walisema tu kwamba mama yule anajua kutunza mboga.

Na kweli alijua. Kabichi ile ikazipita zote. Numbi aliipima kwa kukumbatia na kusema majivu yana nguvu ya ajabu.

"Mupe mama shu yake," Mado alimwambia jioni moja wakila.

"Jaribio haijaisha."

"Jaribio gani? We unajua kabisa yale majivu ilikuwa nini. Ulibandua picha ku ukuta na mikono yako, mi nilikuona."

"Mado, sayansi haina huruma."

"Na weye?"

Numbi alikumbuka kwamba jogoo hajapewa maji, akatoka.

Ukweli ni kwamba kulikuwa na habari iliyokuwa ikimnyima usingizi kuliko sauti zote za tutani. Mjumbe wa wakubwa wa jimbo alikuwa anakuja Dilala kukagua nyumba zilizoachwa. Walinzi watakaoonekana kuwa raia wa maana wangeachiwa nyumba moja kwa moja, na wengine wangepisha walinzi wenye majina makubwa zaidi. Nyumba ya Mukendi ilikuwa na vyumba vitatu na bomba la ndani. Numbi aliamua kwamba mjumbe atakula jaribio.

Mboga ya kumpikia mjumbe ilipaswa kuwa kubwa kuliko zote. Kabichi ile ya sala ilikuwa karibu sawa na ya Rachelle, imepungua labda upana wa kidole, na isingeweza kumchukiza mtu yeyote. Numbi alizitazama zote mbili muda mrefu, kwa uaminifu wote aliokuwa nao, ambao ulimtosha kuona ule upana wa kidole. Akaikata ya Rachelle shinani. Akaiweka juu ya meza mbele ya nyumba, kwenye kitambaa cheupe, akaifunga utepe wa kijani. Kwaya ya shule ya bweni ya mapadri ililetwa kwa lori ili mjumbe apokelewe kwa sauti nne.

Siku hiyohiyo, asubuhi, treni ilipiga honi stesheni.

Mianda aliingia uani akikimbia, kitenge kikimfunguka, pumzi ikimkatika. Aliona shimo kwenye tuta. Kisha akaona meza.

"Tata Numbi. Treni iko pale. Tunaenda. Nipatie sasa."

"Mama Mianda!" Numbi alikuwa ndani ya koti. "Leo njo siku ya matokeo. Mjumbe anafika. Utafurahi, jina ya bustani yako itajulikana."

"Nipatie tu majani ya ndani, basi. Ile yenye anacheka."

"Shu iliyofunguliwa itaonekana namna gani mbele ya mukubwa?"

Mianda alishika ukingo wa meza. Numbi akamshika kiwiko kwa adabu, kama anayemsindikiza mwanamke kanisani, huku macho yake yakiwatafuta vijana wenye fimbo waliokuwa getini. Waliuona mtazamo huo. Mianda naye aliuona.

"Basi niache nimusikie mara moja," alisema. "Mara moja tu, halafu ninaenda."

"Hiyo hakuna shida," alisema Numbi, na hakika alijiona mkarimu.

Mianda aliinama, akaweka sikio. Wakati huohuo mwalimu wa kwaya aliinua mikono yake kwa ajili ya mazoezi ya mwisho, akawaambia vijana wake waimbe kama watu walioshiba. Sauti nne zilitoka pamoja na kuujaza ua mzima. Midomo ya Mianda ilionekana ikisema "tulia." Haikujulikana kama alisema pamoja na mtu au peke yake. Treni ilipiga honi mara ya pili.

Alipojiinua, Numbi alikuwa amesimama na kabichi nyingine mkononi, ya upande wa kulia wa kamba, ndogo, ngumu, bila neno.

"Hii ya njia," alimwambia. "Hii haina makelele. Mu treni bantu banapenda kulala."

Mianda aliipokea. Kwenye jukwaa kulikuwa na watoto watatu ambao hawakuwa wamekula tangu jana. Hakumlaani Numbi, ingawa Numbi alikuwa amejiandaa kulaaniwa na alikuwa na msalaba mfukoni kwa kazi hiyo. Alisema, "Asante, tata," akafunga kitenge chake vizuri, akatoka getini, na vijana wakampisha.

Mjumbe alifika jua likiwa kali. Alizunguka tuta, akasifu kamba, akainamia meza.

"Mama, polepole," ilisema kabichi.

"Inasema nini?"

"Inakupokea, Mheshimiwa," alisema Numbi.

"Sauti nzuri. Ipikwe."

Mado alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, mgongo ukutani, kisu kikiwa chini ya mguu wake, na hakuna maneno yaliyomtoa pale. Numbi akaazima kisu cha Kalala, akakata mwenyewe. Kila kisu kiliposhuka kabichi ilisema "polepole," na Numbi, ambaye ni mtu wa adabu mbele ya wageni, alikata polepole. Maji yalichemka. Kijiko cha magadi kilitiwa, kikatiwa cha pili, kwa kuwa kicheko kilichelewa kwisha.

Watu walikula. Mjumbe alisema kwamba hiyo ndiyo kazi ya mikono ya wenyeji, na kwamba nyumba yenye mlinzi kama huyu isitafutiwe mwingine. Aliondoka na mfuko wa majivu kwenye buti la gari. Tuta limeshatiwa majivu na kupandwa upya pande zote mbili, maana jaribio limefaulu na hakuna haja tena ya upande usio na kitu. Katika mtaa wa jirani bado kuna nyumba nyingi zenye vitu vya kuchoma. Numbi anaishi katika vyumba vitatu na kulalamikia bomba. Wote waliokuwepo siku ile husema kabichi ile ilikuwa tamu kuliko zote zilizowahi kupikwa Dilala. Ni uongo wa kumpendeza mwenye nyumba. Ilikuwa laini mno kwa sababu ya magadi, chumvi ilikosekana, na sehemu ya katikati ilikuwa na utamu kidogo, kama maziwa.

Hapa msomaji mwenye akili ataweka kidole juu ya mstari na kuuliza: we kijana, uliyewacheka watu wote tangu kreti ya bia, utamu wa katikati umeujuaje?

Haya. Kwaya nayo ilipewa sahani. Nilikuwa sauti ya pili, mstari wa mbele, hatua moja kutoka mezani. Mama yule alipoinama niliisikia kabichi vizuri kuliko yeye, neno kwa neno, na tulikuwa tumeambiwa tuimbe kama watu walioshiba, nikaimba hivyo. Baadaye nilinyoosha sahani yangu. Nilipomaliza, niliomba kuongezewa.